Kikao cha Kazi: Mhadhara kwa Wasanii wa Tarime na Serengeti

 Wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, hazina upungufu wa vikao. Wakurya wana ritongo, mkutano wa hadhara ambapo mashauri ya mifugo na ugomvi wa majirani yamesikilizwa tangu enzi na enzi. Wazee wa mila wana vikao vyao ambavyo sisi wengine hatuingii. Akina mama wana vikoba, na daftari la hisa wanalitunza kuliko cheti cha ndoa. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele katika kazi ya kichungaji mwaka 1976, na mpaka leo watu husali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Kuna kikao cha mahari, kikao cha harusi, kikao cha msiba, na kikao cha kulalamika kwamba vikao vimezidi.

Msanii peke yake ndiye asiye na kikao.

Najua mtanijibu kwamba vikundi vya ngoma vipo, kwaya zipo, na vijana wa bongo fleva wanashinda studio. Ni kweli. Lakini hebu tuulizane: hao hukutana kwa ajili ya nini? Hukutana kufanya mazoezi, au hukutana kwa sababu Mwenge wa Uhuru unapita, au waziri anakuja kuzindua kisima. Wanapewa fulana, wanapiga, wanacheza, wanapokea bahasha, wanatawanyika. Mtunzi aliyeutunga wimbo ule hakupata hata mtu mmoja wa kumwambia ubeti wa tatu unalegea. Mchoraji wa mabango ya maduka hapa mjini anachora vizuri, na miaka inapita hajawahi kukaa na mchoraji mwenzake wakaitazama picha moja kwa nusu saa. Mpiga litungu, kile kinubi cha Wakurya, anasifiwa na walevi na kuchekwa na wajukuu. Sifa za namna hiyo zinafurahisha, ila mkono haunufaiki nazo.

Ninachokuja kuwaomba leo ni kitu kidogo sana, na udogo wake ndio nguvu yake. Naomba watu watano, sita, wasizidi wanane, wanaofanya kazi ya sanaa ya aina yoyote, wakae pamoja mara moja kila wiki mbili juu ya kazi ambayo bado haijakwisha. Nakiita kikao cha kazi. Hakina risala wala mgeni rasmi, na kwa mwanzo hakina hata jina. Mkikipa jina siku ya kwanza, siku ya pili mtagombania uenyekiti.

Msidhani jambo hili nimelitoa ng'ambo. Tazameni Unguja ya miaka ya 1920. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini kutafuta riziki ya kuuza vyungu, hakuwa mwimbaji wa peke yake kama kanda zinavyotufanya tuamini. Alikuwa na wenzake wachache: Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Mwalim Shaaban. Watu walikusanyika kwake Ng'ambo usiku, habari za mji zikaletwa, nani kaonewa mahakamani, nani kadhulumiwa na tajiri, na humo ndimo nyimbo zilimopikwa. Walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, walikwenda na nyimbo zilizokwisha kupita kwenye masikio ya watu waliozijua habari zenyewe. Chumba kimoja na watu wasiozidi vidole vya mkono, na Afrika Mashariki nzima ikasikia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na sisi kwa sura ya nchi. Limuru, Kenya, ni nchi ya baridi kama milima ya Tarime. Pale Kamiriithu, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia ya Kikuyu iitwayo Ngaahika Ndeenda. Wote wawili walikuwa wasomi wa chuo kikuu. Wangeweza kuwapa wanakijiji karatasi wakariri, basi. Badala yake muswada ulisomwa mbele ya watu wa pale, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wasio na ardhi, na mazoezi yakafanyika uwanjani, mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki, kila apitaye akiona na kusema. Wazee waliopitia vita vya Mau Mau walisahihisha namna viapo vilivyosemwa. Wanawake walirekebisha nyimbo za harusi, kwa kuwa wasomi walikuwa wamezisahau au hawakuzijua vizuri. Mtu aliyefanya kibarua kiwandani alieleza malipo ya wiki yanavyokwisha kabla ya Jumapili, na maelezo yake yakaingia kwenye mchezo. Ngũgĩ, ambaye wakati huo alikwisha kuwa na riwaya zinazosomwa dunia nzima, aliandika baadaye kwamba pale Kamiriithu alikwenda shule upya.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Wiki sita baadaye kibali kikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka mzima bila mashtaka. Mwaka 1982 jengo la maonyesho, lenye nafasi ya watu elfu mbili, ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao, likabomolewa. Nawaeleza na mwisho wake kwa sababu sipendi kuwauzia ng'ombe bila kuwaonyesha meno. Watu wanaokaa na kuzungumza kwa makini huja kusema kweli, na kweli ina wasioipenda. Lakini angalieni pia kwamba serikali ile haikuogopa riwaya alizoziandika Ngũgĩ kwa Kiingereza akiwa peke yake chumbani. Iliogopa tamthilia iliyopitia midomo ya watu.

Na sisi tunao wetu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa mmoja wao, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba. Hawakubeba mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji kwanza, wakauliza kinachowauma ni nini, likatoka suala la wasichana wa shule kupata mimba, na ngoma na maigizo yakajengwa kutoka kwenye mazungumzo hayo. Kila igizo lilipokwisha, watu walikaa kujadili. Anayetaka kuanza kikao Mugumu asome habari za Malya kabla hajasoma kitu kingine chochote.

Kampala, mwaka 1995, wanawake waandishi walianzisha FEMRITE, Mary Karooro Okurut akiwa mstari wa mbele. Wengi wanaijua kwa vitabu vyake. Mimi naistahi zaidi kwa kitu kisichoonekana: kikao cha Jumatatu jioni cha wasomaji na waandishi, ambapo mtu huleta hadithi au shairi lake, wenzake wakalichambua akiwepo. Watu wamekuja wakaondoka, lakini Jumatatu imebaki.

Dar es Salaam nako Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliwahi kuwa na Jukwaa la Sanaa, nalo la Jumatatu, kwenye ukumbi wa baraza hilo wa Ilala Sharif Shamba. Lilikuwa jambo jema na nasikitika kila nikikumbuka. Ila lilikuwa jukwaa kweli, lenye mtoa mada na waandishi wa habari, na mada zenyewe zilikuwa hakimiliki, kodi, maadili, soko. Hakuna msanii mwenye akili timamu atakayeleta ubeti unaochechemea mbele ya kamera. Ukumbi mkubwa unafaa kwa masuala ya wasanii wote. Kazi ya msanii mmoja inataka benchi.

Nitaje na Tingatinga, kwa kuwa najua kuna mtu hapa ananikazia macho akisubiri. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Wanafunzi wake walishikamana, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Chama kile kimesomesha watoto na kujenga nyumba, na mtu asinisikie nikikibeza. Lakini ni kikundi cha kuuza. Ukipita kwenye vibanda vyao utaona chui yule yule na ndege wale wale, amebadilika aliyeandika jina chini tu. Kikundi kinachokutana juu ya mauzo kitaulizana siku zote ni picha gani inayotoka haraka. Elimo Njau wa Marangu, aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alipigana maisha yake yote na tabia hiyo ya kuiga, akitaka pale kwake pawe mahali pa kuzungumza na kubishana na pia pa kuonyesha. Kati ya njia hizi mbili, wachongaji na washona shanga wanaotegemea watalii wa geti la hifadhi la Ikoma lazima wachague, au wazifuate zote mbili kwa siku tofauti. Siku ya kuuza iwe siku ya kuuza.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye kazi.

Jambo la kwanza ni umri. Kijana wa miaka ishirini atamwambiaje mzee mpiga litungu kwamba wimbo wake ni mrefu mno? Nimewasikia watu wakisema utamaduni wetu hauruhusu kumkosoa mkubwa, kwa hiyo kikao cha namna hii ni cha Wazungu. Wanaosema hivyo hawajausikiliza utamaduni wenyewe mpaka mwisho. Wazee wanaojua hesabu ya amakora, yaani vizazi vya Wakurya, wanafahamu kwamba Mkurya hakuweka heshima ya aina moja kwa kila mkubwa. Kati ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana kuna soni, kuna kusitiriana, kuna maneno yasiyotamkwa. Kati ya babu na mjukuu mlango uko wazi: hutaniana, huambiana ukweli, na mjukuu humcheka babu usoni bila faini. Basi kikao kipangwe kwa kuufuata mlango huo. Kazi ya mzee isizungumzwe kwanza na aliye rika la mwanawe, aanze aliye rika la mjukuu. Na mzee akitaka kumwambia kijana wa bongo fleva kwamba hajui anachokiimba, aseme kwa utani, na kijana ajibu kwa utani. Mambo magumu mangapi katika koo zetu yamepitia hapo hapo?

Jambo la pili ni koo. Sitajifanya sijui. Kuna miaka ambapo mtu wa ukoo huu hakuweza kwenda mnada wa ukoo ule, na mishale ilisema kabla ya midomo. Nyimbo nazo hazikuwa nje ya vita hivyo; nyingine zilichochea. Kwa hiyo nashauri kikao cha Tarime kisiwe cha ukoo mmoja hata kama wote ni majirani na ni rahisi kukutana. Chukueni wawili kutoka huku, wawili kutoka kule, Mluo mmoja wa upande wa Rorya, na mwalimu aliyehamia kutoka Iringa ambaye haelewi ugomvi unatoka wapi. Huyo wa Iringa ana faida kubwa. Atauliza swali ambalo ninyi nyote mnaona aibu kuuliza. Kwa upande wa Serengeti, ambako Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wakurya wanauziana maziwa kila siku, jambo hili litakuwa jepesi zaidi, lakini lugha ya kikao iwe Kiswahili, na anayeimba kwa lugha yake aueleze wimbo kwanza, mstari kwa mstari, kabla haujapigwa. Kule kueleza tu kutamfundisha ni mstari gani ambao haubebi kitu.

Jambo la tatu, nalo ndilo litakalowapima. Kila unapokaribia msimu wa tohara nyimbo huvuma vijijini. Nyingi ni nzuri na zina nguvu. Kijana anayezisikia damu inamchemka. Baadhi ya nyimbo hizo humkejeli msichana aliyekataa kukeketwa, humwita majina, humwimbia mama yake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18, na kuna mabinti katika wilaya hizi ambao kila msimu hukimbia makwao usiku, wakapokewa kwenye nyumba salama kule Mugumu na Masanga. Wimbo haushiki wembe, sawa. Lakini wimbo unamngoja binti njiani anapokwenda kuchota maji.

Ni nani atakayeuzungumza wimbo huo? Mkuu wa wilaya ataupiga marufuku, nao utaimbwa kwa sauti zaidi. Mashirika yataleta semina na chupa za maji. Anayeweza kukaa na mtunzi akamwambia, mapigo yako ni mazuri, sauti yako sina la kusema, lakini ubeti huu unamtukana mtoto, je, kuna namna ya kuimba ushujaa bila kumtafuta wa kumdharau, ni mtunzi mwenzake. Huyo hawezi kuambiwa kwamba hajui sanaa. Sisemi mtakubaliana. Nasema ubishi huo haujapata mahali pa kufanyikia, na benchi la watu saba linautosha.

Wanawake. Kikao kikiwekwa saa mbili usiku kwenye baa, mmekwisha kuwafukuza, hata kama tangazo linasema wote mnakaribishwa. Wekeni Jumamosi alasiri, au siku ya mnada baada ya saa sita, wakati mama aliyeleta vikapu vyake amekwisha kuuza na bado hajaanza safari ya kurudi. Anayefika na mtoto mgongoni apewe kiti cha karibu na mlango, na asifanywe mpika chai wa kikao.

Kuna hofu ya wizi. Nimeisikia kila mahali: nikipeleka wimbo wangu pale, wiki ijayo nitausikia redioni kwa sauti ya mtu mwingine. Hofu hii ina sababu, lakini dawa yake ni rahisi. Nunueni daftari la kurasa mia mbili. Kila kikao liandikwe: tarehe, nani yupo, nani ameleta kazi gani, mistari yake ya kwanza, na wote waweke sahihi. Chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 kazi inalindwa tangu ilipoundwa, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia kama ushahidi. Daftari lenye sahihi za watu saba nalo ni ushahidi, tena wa bei ya chini. Anayeficha wimbo wake mpaka siku ya studio hana shahidi hata mmoja.

Na fedha? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni fursa nzuri, na wasanii waombe kama wengine. Ila wakaombe kwa kikundi kingine. Mchukue watu wale wale mkitaka, katiba nyingine, daftari jingine. Kikao cha kazi kikishaingiwa na mkopo, ajenda ya kwanza itakuwa marejesho na ya mwisho itakuwa ugomvi, na kazi ya mtu haitasomwa tena. Vivyo hivyo posho. Siku mtakayolipana nauli ya kukaa kwenye kikao chenu wenyewe, andikeni tanzia. Mchango uwe wa chai na mandazi. Mkianza kupanda majukwaani kwa malipo mtapitia kwa afisa utamaduni na BASATA kama sheria inavyotaka, lakini hilo si jambo la mwezi wa kwanza.

Tuingie ndani ya kikao chenyewe, maana watu huanza kwa hamu kisha hawajui waseme nini. Tuseme leo kazi ni wimbo wa litungu. Mzee amekaa kwenye kigoda, lile kasha la mti lililowambwa ngozi liko mbele yake, nyuzi nane, siku hizi nyingi ni nailoni. Anakaza, analegeza, anasikiliza, anakaza tena. Msimharakishe, na msizungumze wakati huo. Kukaza nyuzi ni sehemu ya mlichokuja kukiona. Anaeleza maneno. Kisha anapiga wimbo wote bila kukatizwa, simu zote ziko kwenye kapu. Akimaliza, dakika mbili za kimya. Hizo dakika mbili zitawatesa mwanzoni. Mtu atakohoa, mwingine atasema "safi sana mzee", na "safi sana" ikishatoka kikao kimekufa, kwa sababu kila anayefuata ataona haya kusema kingine.

Baada ya kimya, mzunguko wa kwanza: kila mmoja ataje kitu kimoja alichokisikia, bila kusifu wala kulaumu. Nimesikia jina la mto likirudi mara nne. Nimesikia uzi mzito unanyamaza mara wimbo unapoanza kumtaja mama. Mshona shanga asiyejua muziki ataona kitu ambacho wanamuziki wamekizoea mpaka hawakioni tena, na ndiyo sababu nataka mchanganyiko wa fani. Mzunguko wa pili: mahali nilipopotea. Wa tatu: swali moja kwa mtunzi. Muda huo wote mtunzi amenyamaza. Hajitetei, hafafanui. Atajibu mwisho, akitaka, na hana wajibu wa kukubali lolote. Mtu yeyote asiseme "ungefanya hivi" mpaka mwenye kazi aulize mwenyewe. Kazi ikiwa ni shairi au ukurasa wa hadithi, asiisome aliyeiandika. Asome mwenzake kwa sauti, na mwandishi asikilize ulimi wa mwingine unajikwaa wapi. Kazi mbili kwa kikao zinatosha. Saa moja na nusu, kisha mwondoke bado mnataka kusema.

Kuna atakayesema kwamba kazi iliyokwisha kutoka haifai kurudishwa mezani. Mwalimu Nyerere wa Butiama alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa mkuu wa nchi, watu wakaipongeza, naye akairudia, akairekebisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kama yeye, pamoja na mambo yote aliyokuwa nayo miaka ile, alipata muda wa kurudi kwenye mistari yake, wewe wa Nyamwaga una udhuru gani?

Tena mtazame Ukerewe, ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Wachapaji hawakuitaka lugha hiyo. Muswada ulikaa miaka na miaka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 walipofika watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, wakamhimiza aitafsiri kwa Kiswahili. Akaifanya kazi hiyo mwenyewe, mzee na mgonjwa wa viungo. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Yeye akafa mwaka 1981. Ninapousoma ukurasa wowote wa kitabu kile huona hasira inanipanda, kwa sababu kazi kama ile ilingoja mgeni avuke bahari. Hata kwetu Serengeti kuna wazee waliojaza madaftari historia za watu wao. Baadhi ya historia za kusini mwa Mara zilizoandikwa na wenyeji zilitoka kitabuni mwaka 2003, kwa juhudi za mwanahistoria Jan Bender Shetler wa Marekani. Namshukuru mama huyo. Ila ningependa daftari linalofuata lisomwe kwanza Robanda, na watu wa Robanda, kabla halijapanda ndege. Na tangu 2023 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Muswada wa Mara ukienda huko, uende umekwisha kusikika kwa watu saba.

Tarime na Serengeti zisiwe na kikao kimoja. Mto Mara upo katikati, na nauli ipo. Anzeni na kimoja mjini Tarime, kimoja Sirari ambako wenzetu wa Isebania watavuka kwa miguu, kimoja Mugumu, kimoja Nata au Robanda. Mkutane wote labda mara mbili kwa mwaka, zamu hii upande huu wa mto, zamu ijayo ule. Kikao kikizidi watu wanane, kigawanyeni siku hiyo hiyo, bila kungoja mkosane.

Nimalizie na maombi, na ninayaelekeza kwa watu waliomo humu. Walimu wakuu, mnazo funguo za madarasa yanayolala tupu kila Jumamosi. Mtupe darasa moja kuanzia saa tisa alasiri, tutalifagia. Maafisa utamaduni, njooni mkae kama wasikilizaji, na msituombe taarifa ya utekelezaji kwa mwaka wa kwanza. Wazee wa litungu, msiwangoje vijana waje kuwaomba, hawatakuja, wanawaogopa. Na ninyi vijana mliosimama kule nyuma mlangoni, kabla hamjaondoka leo, kubalianeni majina matano tu, mahali, na nani atakayeleta kazi ya kwanza. Kalamu na karatasi viko hapa mezani.